Nukta ya ze iliyomezwa na mashine

Atakayesimama kando ya mlango wa msikiti siku ya Idd, iwe ni Mombasa au Lamu, Garissa au Mandera, akatazama vichwa vya watu badala ya nyuso zao, atajifunza mengi juu ya biashara ya dunia hii. Kofia nyingi zitakazompita ni za mashine. Zimetariziwa mbali, ng'ambo ya bahari, zikafungwa marobota, zikateremshwa bandarini, zikagawanywa madukani mpaka kwenye miji ya mwisho ya bara. Zile za mkono, zenye viua vilivyotobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi kwa sindano, ni chache, na aghalabu zi juu ya vichwa vya wazee au vya maharusi. Na maua ya zile za mashine, ukiyaangalia vizuri, mengi ni maua yetu sisi. Yametoka kwetu yakarudi kwetu, na njiani yamelipiwa ushuru.

Watu huuliza, maua yale yaliingiaje ndani ya mashine? Wengi hudhani kuwa picha hutiwa upande mmoja, kama karatasi itiwavyo katika mashine ya kupigia nakala, na upande wa pili ikatoka kofia. Sivyo. Baina ya picha na kitambaa kuna kazi, na katika kazi hiyo mna mtu. Ni mtu huyo ninayetaka kumsema leo, kwani nimeyaona yanayotokea akikosekana.

Lugha yetu ina maneno mawili kwa kazi hii, yote mageni yaliyokwisha kupata uraia. Tarizi ni la Kiarabu, ndugu wa neno tirazi, ambalo zama za Makhalifa wa Bani Abbasi na Mafatimi wa Misri lilikuwa jina la mikanda ya maandishi iliyofumwa au kushonwa kwenye mavazi ya heshima, ikimtaja Khalifa. Na nyumba iliyofanyiwa kazi hiyo ikaitwa Daru-t-tirazi. Darizi nalo lanukia Uajemi na Bara Hindi, ambako fundi wa nguo huitwa darzi. Basi sindano na herufi ni majirani wa tangu hapo, wala si ajabu kisa changu kikiwa ni cha herufi.

Nina mpwa wangu anayesomesha Banissa. Kwa msomaji asiyeujua, Banissa ni mji wa Kaunti ya Mandera, kaskazini-mashariki ya Kenya, karibu na mpaka wa Ethiopia. Wenyeji wake wengi ni Wagarre, watu wa ngamia na biashara. Nyumbani husema Kigarre na Kiborana. Kiswahili kwao ni lugha ya shule na ya sokoni. Chuo cha Kurani huko huitwa duksi, na mtoto huandika juu ya loho kwa wino wa makaa, akifuta na kuandika tena, mpaka mkono wake uzoee mahali pa kila nukta.

Mwaka jana wazee wa chuo kimoja cha huko walitaka watoto wao wapate sare yenye beji kifuani: kitabu kilichofunguliwa, na chini yake maneno ya ile dua ya kuomba ziada ya elimu iliyomo katika Sura Taha, ambayo shule nyingi za Kiislamu hupenda kuifanya wito wao. Mchoro ulikuwako, umeandikwa na maalimu mwenye khati njema. Ukapigwa picha kwa simu, ukatumwa pamoja na pesa kwa mwenye karakana mmoja jijini, ambaye simtaji. Baada ya majuma kadha robota likafika juu ya lori. Mashati 60, uzi wa rangi ya dhahabu unang'aa, kitabu kimekaa sawasawa. Watoto wakavaa wakafurahi.

Usiku ule mpwa wangu akanipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Njema, mjomba. Nakutumia picha moja. Tafadhali isome, kisha uniambie umesoma nini."

Nikaisoma. Ndugu msomaji, wajua kuwa re na ze ni umbo moja, na kinachozipambanua ni nukta moja tu iliyo juu ya ze. Neno lililotakiwa ni zidni, yaani nizidishie. Nukta ya ze haikuwako. Neno lililosimama juu ya vifua vya watoto lilianza kwa re, na mwenye Kiarabu chake atakayelisoma hivyo atalifahamu kuwa ni ombi la kurudishwa. Watoto 60 wamwomba Mola wao, kwa uzi wa dhahabu, awarudishe walikotoka!

Maalimu wa khati, naambiwa, hakusema neno. Alitwaa kalamu ya wino akaanza kutia nukta kwa mkono wake, shati baada ya shati. Kwenye shati la nne akaacha, kwa kuwa wino ulikuwa ukitambaa ndani ya uzi na kila nukta ikawa doa.

Mwenye karakana alipoulizwa, alijibu kuwa kompyuta ndiyo iliyofanya. Alisema kweli, na hapo ndipo penye maneno.

Picha iliyo ndani ya simu ni chembe ndogo ndogo za rangi, mamilioni yake, kama mchanga uliomwagwa juu ya sinia. Mashine ya kutarizi haijui rangi wala sura. Ijualo ni moja: sindano ishuke hapa, kitambaa kisogezwe kiasi kadha, ishuke tena. Faili itiwayo ndani yake ni orodha ndefu ya hatua hizo, kila hatua imepimwa kwa sehemu ya kumi ya milimita, na baina yake zimo amri za kukata uzi na za kusimama ili rangi ibadilishwe. Beji moja ya kifuani yaweza kuhitaji mishono elfu kadha, na mashine hushona mishono 600 hadi 1,000 kwa dakika moja. Anayegeuza picha kuwa orodha ile ndiye fundi mwenyewe. Mashine ni mkono wake tu.

Kazi yake ni ya zamani kuliko kompyuta. Mnamo mwaka 1828 Josué Heilmann, mtu wa Mulhouse huko Ufaransa, alitengeneza mashine yenye sindano nyingi, na mfanyakazi akawa afuatisha kwa kijiti mchoro uliokuzwa, sindano zote zikimuiga kwa kipimo kidogo. Mwaka 1863 Isaak Gröbli, wa Uswisi, akaleta mashine iliyotumia nyuzi mbili na kijimashua, kama cherehani tuijuavyo. Mwanawe akaja mwaka 1898 akamwondoa yule mfuatishaji, mahali pake akaweka ukanda wa karatasi wenye matundu: kila tundu ni amri. Tangu hapo pakawa na ufundi mpya, ufundi wa kuutazama mchoro na kutoboa matundu. Mafundi wa kazi hiyo huko Ulaya na Marekani mpaka leo wengine huitwa watoboaji, ingawa karatasi imekwisha kwenda na wakati wake. Mwaka 1979 kampuni ya Wilcom ilianzishwa Sydney, Australia, na ni miongoni mwa waliotangulia kuileta kazi ile mbele ya kioo cha kompyuta. Na Wajapani wa Tajima ndio waliowapa mafundi wa dunia lugha ya pamoja: faili zenye mkia wa DST husomwa na karibu kila mashine ya karakana.

Mtoboaji wa zamani alilazimika kufikiri kila mshono, kwa kuwa kila tundu lilimtoka mkononi. Siku hizi programu nyingi zina kitufe cha kufanya yote kwa mara moja. Watia picha, wabonyeza, nayo kompyuta yatazama pale rangi zinapobadilika, yachora mipaka, yajaza mishono. Kwa ua kubwa la rangi mbili yaweza kufaa. Lakini ina tabia ya usafi kupita kiasi. Kila kidoa kidogo hukiona ni vumbi la kamera, ikakipangusa kabla haijaanza kazi. Haikujua kuwa kidoa kile ni ze.

Na hata kama ingekibakisha, mwenye karakana mwenye haraka angekiondoa. Kila nukta iliyojitenga yataka mashine isimame, ikate uzi, iruke, ifunge fundo, ishone kidogo, ikate tena. Katika herufi za Kizungu nukta ni za i na j tu. Katika dua moja fupi ya Kiarabu zaweza kuwa nyingi, na kila moja yala sekunde zake. Ukizidisha kwa mashati na kwa vichwa vya mashine, utamfahamu yule bwana hata kama humsamehe.

Hapa nina la kukumbusha. Mwanzoni herufi za Kiarabu ziliandikwa bila nukta, na Waarabu wenyewe walizisoma kwa mazoea. Dini ilipoenea kwa wasiokuwa Waarabu, kama sisi, ikahofiwa kuwa watu watakosea, na yasimuliwa kuwa katika zama za Hajjaji ndipo wanafunzi wa Abul Aswad ad-Duali walipozitia nukta za kupambanua. Nukta zile, kwa hiyo, zilitiwa kwa ajili yetu, na leo chombo chetu wenyewe ndicho chazifuta.

Mpwa wangu hakuridhika. Shule anayosomesha ina kompyuta kadha na umeme wa jua, naye akagundua kuwa iko programu iitwayo Ink/Stitch, ambayo haiuzwi wala haikodishwi. Huwekwa ndani ya nyingine ya kuchorea, Inkscape, nayo pia ni ya bure. Akakaa nayo likizo nzima. Mara ya kwanza akabonyeza kitufe kile kile, akapata uozo ule ule. Ndipo akafanya jambo la busara: akamwendea mama mmoja fundi cherehani wa sokoni, ambaye hajapata kugusa kompyuta, akamweka upande mmoja, na upande wa pili akamweka maalimu wa khati.

Maalimu alikuwa na lake. Herufi, alisema, haina ukingo wa ndani na wa nje kama nchi katika ramani. Ina njia ambayo kalamu imepita, hapa imelazwa, hapa imesimamishwa. Kwa hiyo waliacha kuchora mipaka, wakafuata mwendo wa kalamu. Na hilo, bila wao kujua, ndilo programu ilitakalo kwa mshono uitwao satini, ambao uzi huvuka kutoka ukingo hadi ukingo ukilala karibu karibu, kiasi cha milimita 0.4 baina ya uzi na mwenziwe. Kalamu inapopanuka uzi warefuka, kalamu inapokonda uzi wafupika. Khati na satini zikakutana kama watu waliosomea chuo kimoja.

Mama fundi naye alikuwa na lake. Kitambaa, alisema, si karatasi, chavutwa. Uzi ukivuka kutoka kushoto kwenda kulia huwavuta kushoto na kulia waje pamoja, na duara uliyoichora hutoka yai. Basi ni lazima uichore pana upande ule uzi unakokwenda, ili ikivutwa irudi kuwa duara. Akasema pia kuwa kabla ya mshono wa juu upite mshono mwepesi wa chini, kama mtu apigavyo bandi, ili kitambaa kitulie. Mpwa wangu akatafuta katika programu na kuyakuta yote mawili, yana majina yao na vipimo vyao, yamo humo tangu mwanzo yakimngoja mtu wa kuyatumia. Kitufe cha haraka hakikuwa kimemwonyesha.

Ikabaki nukta. Katika mchoro uliopunguzwa kufikia kifua cha mtoto, nukta ilikuwa haifiki milimita moja. Uzi wenyewe wa kutarizi una unene wa karibu milimita 0.4, ukiushona ndani ya nafasi ile wapata fundo wala si nukta, au sindano yapiga mahali pamoja mpaka shati litoboke. Mama fundi akataka ikuzwe. Maalimu akakataa, kwani katika khati nukta ni kipimo: ndiyo iamuayo urefu wa alifu na upana wa be, na ukikuza nukta peke yake umeharibu mizani yote. Walibishana siku mbili. Mwisho wakakubaliana kukuza maandishi yote na kupunguza kitabu kilicho juu yake, mpaka nukta ikafika milimita 1.5, ya pembe nne iliyosimama juu ya ncha yake, kama iachwavyo na kalamu ya tete iliyochongwa vyema. Kitabu kikawa kidogo, dua ikawa kubwa; na mimi nionavyo hivyo ndivyo ilivyostahili tangu hapo.

Faili ikatumwa kwa simu kwa mtu mwenye mashine ya kichwa kimoja mjini Garissa, mamia ya kilomita kutoka Banissa. Pamoja nayo ukaenda ujumbe wa kutaja rangi, kwa kuwa faili ya DST haibebi rangi. Husema simama tu, na mwenye mashine asipoambiwa atatia uzi aupendao. Wakamwomba ajaribu kwanza juu ya kipande cha marekani. Nukta zote zikatoka. Ile ya ze ilitoka imelala kidogo, wakageuza upande wa mishono yake, ikasimama.

Wapo watakaosema kuwa dawa ya haya yote ni kurudi kwenye mkono. Simo katika kundi hilo, ingawa nawapenda. Hata Kiswa cha Kaaba, ambacho kiwanda chake kiko Makka tangu mwaka 1927, kitambaa chake cha hariri siku hizi hufumwa kwa mitambo. Lakini aya zilizo juu yake, zinazotumia nyuzi za dhahabu na za fedha, zingali zikishonwa kwa mikono ya watu waliokaa wameinamia fremu. Hawakuikataa mashine. Wameamua mahali pa kuisimamisha, na wamepasimamisha penye herufi.

Sisi wa pwani hatujaamua lolote. Kofia ya mkono ni vitambaa viwili vilivyopachanwa, na baina yake huingizwa nyuzi za kuinua ua; kisha huja viua, mamia yake, na kazi yaweza kuchukua miezi. Mwanamke wa Lamu au Unguja aishonaye hulipwa mara moja, ikisha kuuzwa. Atakayeipiga picha kofia ile akaitoboa kwa programu ana faili asiyohitaji kushona tena. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiasili, nayo yazipa serikali za kaunti kazi ya kuyaandikisha mambo ya namna hii. Wakati wa kuandikisha huulizwa ni nini kiandikwe, na hapo ndipo tutakapojikuta hatuna hata majina ya maua yetu, seuze vipimo. Neno kikoi tulilikaribia kulipoteza vivyo hivyo, kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kulifanya alama yake ya biashara mwaka 2006; Wakenya wakapinga, na ombi likaachwa. Neno hulindwa kwa ukelele. Ua la kofia halina jina la kulipigia ukelele.

Nilimweleza haya shangazi yangu, ambaye ameshona kofia tangu kabla mimi sijaoa, na ambaye kwake mpwa wangu ni mjukuu. Nikamwuliza kama angemruhusu kijana apige picha kofia zake, azitoboe, na ziwekwe kwa jina lake yeye. Hakujibu upesi. Akauliza kwanza viua mashine yavifanyaje. Nikamwambia kuwa mashine kubwa hufungiwa kijisu kinachotoboa kitambaa, kisha sindano yazunguka ukingo wa tundu. Lakini ya Garissa haina kijisu hicho, kwa hiyo ingeshona duara na matundu yangebaki kutobolewa kwa mkono.

"Atatoboa nani?" akauliza.

Nikamwambia bado hatujui.

Akanyamaza, akaendelea na kazi yake. Baadaye aliniambia nimpigie simu yule kijana. Alitaka kujua kama katika ile programu kiua chatoka duara kamili, kwani chake yeye si duara. Amekifanya kirefu kidogo upande wa juu tangu alipofundishwa na mamake, ili kofia ikivaliwa na kichwa kikaivuta, ndipo kiwe duara. Mpwa wangu alikaa kimya kwa muda, kisha akamwomba arudie polepole, aandike.